Barua ya wazi: Profesa, ratiba ya chuo isikae mfukoni mwangu

Kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma),

Profesa, shikamoo.

YAH: MAGRUPU YA WHATSAPP KUGEUZWA OFISI YA MASOMO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Jumatatu moja ya muhula uliopita niliibiwa simu kwenye mwendokasi, kati ya Kimara na Ubungo. Kuibiwa simu mjini hapa si habari, na wala sikuandikii ili unichangie nyingine. Nakuandikia kwa sababu ya kilichofuata. Mimi ni mwakilishi wa darasa, CR kama tunavyoitana, na darasa langu lina watu 312. Mhadhiri wetu wa takwimu hayumo kwenye grupu la darasa. Utaratibu wake ni kunitumia mimi ujumbe, kisha mimi niwafikishie wenzangu. Jioni ile alituma kwamba jaribio la Alhamisi sasa litafanyika Jumatano asubuhi, na ukumbi umebadilika. Ujumbe ulikwenda ulikokwenda. Hadi narudisha laini na kuazima simu ya binamu yangu, ilikuwa Jumatano mchana, na mhadhiri alikuwa ameshakaa na karatasi zake mbele ya viti vitupu. Kwa siku mbili ratiba ya watu 312 ilikuwa mikononi mwa mwizi, naye hakuhudhuria.

Mhadhiri yule ni muungwana. Alirudia jaribio wiki iliyofuata, yakaisha. Kwangu mimi ndiko hayakuisha, maana sijawahi kuona waraka wowote wa chuo unaosema kwamba simu yangu, niliyoinunua kwa pesa ya bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, na kuilipia bando mwenyewe, ndiyo ubao wa matangazo wa idara.

Sikukimbilia hadharani, Profesa. Niliandika kwa Mkuu wa Idara, nikaambiwa suala hilo ni la Ndaki, ngazi iliyo juu ya idara. Niliandika Ndaki, barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nao ndio mwisho wa habari zake. Mara ya tatu tulipitia Serikali ya Wanafunzi hadi ofisini kwako, na jibu tulilopewa kwa mdomo ni kwamba malalamiko ya namna hii tuyaweke kwenye grupu la ma-CR, ambalo uongozi umo. Tukayaweka. Tukapata tiki mbili za bluu.

Kabla sijaorodhesha yanayotuumiza, niseme jambo ambalo barua zangu za awali hazikulisema vizuri, pengine ndiyo maana zilisomwa kama za mtu anayetaka mitandao ipigwe marufuku. Sitaki hivyo. Mimi takwimu nilizielewa WhatsApp. Kuna mwenzetu mmoja, mtoto wa Moshi, anayeeleza mambo kwa sauti ndefu za dakika sita sita akiwa anapika. Unasikia mwiko kwenye sufuria na katikati yake unaelewa kwa nini mchepuo sanifu unagawanywa kwa n kutoa moja. Ukumbini swali hilo lilipita watu wasithubutu kunyoosha mkono, lakini saa tano usiku kwenye grupu la diskasheni la watu kumi na mbili hakuna anayeona aibu kuuliza mara ya nne. Mitihani ya miaka iliyopita tunaipata kwa kaka na dada zetu waliotutangulia, kupitia Telegram, kwa kuwa huko mafaili hayapotei na anayejiunga leo anayakuta ya zamani. Wakati wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, aliye Mpanda na aliye Lindi walisahihishiana ripoti kana kwamba wamekaa kimbweta kimoja. Hayo yote ni elimu, na chuo hakikutumia hata senti kuyaanzisha.

Magrupu ndiyo baraza letu la kupigia soga na kusomeshana, na lina raha yake. Kilio chetu ni kwamba mmehamishia ofisi barazani, mkafunga mlango wa ofisi.

1. Tangazo ni rasmi likitoka kwenu, halina maana likirudi kwenu.

Hili ndilo kubwa, na ningeweza kuishia hapa. Muhula huo huo, katika somo jingine, tangazo la jaribio liliingia kwenye grupu saa nne na dakika arobaini na saba usiku. Jaribio lilikuwa saa mbili asubuhi. Wenzetu 19 hawakuliona: mmoja alikuwa wodini na mama yake, wengine bando lilikuwa limekata, wawili walilala mapema kama binadamu. Walipoomba kurudia, wakaambatanisha skrinishoti inayoonyesha saa ya tangazo. Majibu ya kamati ya rufaa yalikuwa kwamba skrinishoti ya WhatsApp si nyaraka inayotambulika na chuo, kwa hiyo hakuna ushahidi kwamba taarifa ilichelewa.

Naomba ulisome tena hilo, Profesa, taratibu. Tangazo lenyewe lilitolewa WhatsApp na si pengine. Halikubandikwa ubaoni, halikutumwa kwa barua pepe, halikuwekwa kwenye mfumo wa chuo wa masomo mtandaoni. Lilipokuwa linawataka wale 19 wafike ukumbini, lilikuwa na nguvu zote za Seneti. Lilipoletwa kuwatetea, likageuka picha tu ya simu. Sita kati yao wanarudia somo mwaka huu.

2. Mlango wa darasa umewekewa kufuli la bando.

Mnufaika wa mkopo anapata shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi. Ilipanda kutoka 8,500 mwaka 2022, na tunashukuru. Ndani ya hiyo kuna kodi ya chumba kwa waliokosa hosteli, sahani ya wali maharage, nauli, fotokopi. Asiye na mkopo kabisa mnamjua anavyoishi. Sasa juu ya hapo mhadhiri anarekodi lekcha nzima kwa sauti, vipande saba, au anatuma video ya megabaiti tisini, kisha anaandika "sikilizeni kabla ya kesho". Wi-Fi ya chuo inashika maktaba na jengo la utawala. Ukifika hosteli inabaki jina tu kwenye orodha. Usiku wa jaribio utawakuta watu wamechuchumaa nje ya ukuta wa maktaba, simu juu, wanapakua.

Likizo ndiyo mbaya zaidi. Mwenzetu mmoja kwao ni kijiji cha Namtumbo, na mtandao anaupata kwenye kilima nyuma ya zahanati. Kazi ya mradi ilitangazwa wiki ya pili ya likizo, ikatakiwa ndani ya siku tano. Yeye alipanda kilima siku ya sita.

3. Kuna wanafunzi ambao grupu haliongei nao.

Hili nimelijua kwa kuishi chumba kimoja na mtu asiyeona. Simu yake ina programu ya kusoma skrini, inamsomea kila kilichoandikwa kwa kasi ambayo mimi siwezi hata kuifuata. Lakini mhadhiri akipiga picha ubao au kitini, akakituma kama picha, programu ile inamwambia "picha" na kunyamaza. Kwake ujumbe huo ni karatasi nyeupe. Inabidi anisubiri nirudi nimsomee, na mimi nikirudi nimechoka nasoma kwa kuruka. Kwa upande mwingine, tuna wenzetu viziwi, nao sauti za dakika kumi na nne ni ukimya mtupu. Hakuna aliyefanya hivi kwa ubaya. Faili lile lile la maandishi ambalo mhadhiri alilichapa, kisha akalipiga picha, lingeweza kutumwa kama lilivyo, likasomeka kwa wote na likala bando kidogo kuliko picha. Nimelieleza hili kwa wahadhiri watatu na wote walishangaa, mmoja alibadilika siku hiyo hiyo. Inaonyesha ni jambo la kuambiwa tu, na wa kuwaambia wote kwa pamoja ni wewe.

4. Namba zetu na alama zetu zinazurura.

Kuingia kwenye grupu ni kuwapa namba yako watu mia tatu usiowajua, na kiungo cha kujiunga kikishafowadiwa hujui tena nani yumo. Kila msimu wa bumu wanaingia watu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wanajua jina lako, kozi yako na mwaka wako. Dada zetu wanapata zaidi ya hayo. Mmoja alibadilisha laini mara mbili ndani ya muhula kwa sababu ya mtu aliyechukua namba yake kwenye grupu la somo, na kila alipobadilisha alilazimika kujiunga tena na grupu lile lile, kwa kuwa matangazo yako humo.

Kisha kuna alama. Matokeo ya kazi za darasani hutumwa kwenye grupu yakiwa orodha nzima: jina, namba ya usajili, alama. Ndani ya saa moja yako kwenye magrupu ya kozi nyingine, yenye vikaragosi vya kucheka pembeni. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ina Tume yake. Sidhani kama chuo kinachofundisha sheria kinahitaji kuelezwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu maana ya taarifa binafsi.

5. Kuondolewa kwenye grupu kumekuwa adhabu.

Mwanafunzi aliuliza, kwa lugha ya heshima, kwa nini kazi mbili zimepangwa siku moja. Akaondolewa. Alikaa wiki tatu nje, na ndani ya wiki hizo kulikuwa na zoezi la alama. Kumfukuza mtu darasani kuna taratibu zake. Kwenye simu ni kubonyeza mara mbili.

6. Jengo si lenu.

Oktoba 4, 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini, na mhadhiri aliyekuwa akitupeleka huko kusikiliza mijadala ikabidi aache, kwa kuwa kutumia VPN, programu ya kupita kizuizi cha mtandao, bila kibali ni kosa na hakutaka kutufundisha kosa. Oktoba 29, 2025 intaneti yenyewe ilizimwa kwa siku kadhaa. Bahati kwetu masomo yalikuwa hayajaanza. Yangekuwa yameanza, mngetufikishia wapi taarifa? Ubao wa idara yetu una kalenda ya mwaka juzi na tangazo la mtu anayeuza godoro.

Na hata siku mtandao ukiwa mzima, nyumba hiyo ina mipaka yake. Grupu linabeba watu 1,024. Somo la Stadi za Mawasiliano, linalosomwa na mwaka wa kwanza wa kozi zote, lilituzidi, tukafungua grupu la pili, na walio kwenye la pili wakawa raia wa daraja la pili. Habari huwafikia zikiwa zimepoa. Faili ambalo hukulipakua mapema, ukilirudia baada ya wiki kadhaa unaambiwa halipo, mwombe aliyekutumia akutumie tena. Kumbukumbu za masomo za mwaka mzima zinategemea kama CR ana nafasi kwenye simu yake, na simu yangu mpya, Profesa, ina gigabaiti 32.

Majibu ya upande wenu nayafahamu, kwa kuwa nimeyasikia kwenye korido tatu tofauti.

La kwanza ni kwamba siku hizi kila mwanafunzi ana simujanja. Karibu kila mmoja, ndiyo. Ila kuwa na simu si kuwa na chaji, bando na utulivu saa nne na dakika arobaini na saba usiku. La pili, kwamba WhatsApp ni bure. Ni bure kwa chuo. Mimi nailipia, na nina hakika wahadhiri nao wanailipia mifukoni mwao. Katika hili mimi na wao tuko upande mmoja, na baadhi yao wameniomba niiandike barua hii bila kuwataja. Wanafundisha mamia ya watu, wanapigiwa simu Jumapili alfajiri kuulizwa ukumbi, na hakuna posho ya hayo.

La tatu ndilo linaloniudhi kidogo: "Mfumo wa chuo upo, lakini ninyi wanafunzi hamuingii." Upo kweli. Umejengwa juu ya Moodle, ambayo ni programu huria, haina ada ya leseni, inatumika vyuoni duniani kote tangu ilipoanzishwa Australia na Martin Dougiamas mwaka 2002. Niliingia mle juzi kabla ya kuandika haya. Kati ya masomo yangu saba ya muhula huu, matano kurasa zake ni tupu. Mawili yana vitini, na tarehe zake ni Aprili na Mei 2020, wakati vyuo vimefungwa kwa ajili ya korona. Juni 1 tukafunguliwa (siyo mimi, nilikuwa sekondari) na inaonekana siku hiyo hiyo kila mtu akaondoka mle ndani na kuzima taa. Mwanafunzi aingie kufuata nini? Mngeweka humo tarehe ya jaribio moja tu, isiyopatikana pengine popote, mngeona tunavyoingia.

Na mfumo huo unafanya yale yale ambayo kamati ya rufaa ililalamika kuyakosa. Unaandika saa ambayo tangazo liliwekwa. Unaandika nani alilifungua na lini. Alama anaziona mwenyewe peke yake. Programu yake ya simu inakuruhusu kupakua kitini ukiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba, ukakisoma hosteli bila bando. Haya si maombi ya kununua kitu kipya, tunaomba mtumie mlichonacho.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na nimeyapunguza yakae katika uwezo wa ofisi yako bila kusubiri bajeti:

(a) Tangazo lolote lenye alama ndani yake, yaani jaribio, kazi, mabadiliko ya ukumbi au ratiba, liwekwe kwanza kwenye mfumo wa chuo na kwenye ubao wa idara. WhatsApp irudie tu. Likiwa WhatsApp peke yake, lisimfunge mwanafunzi.

(b) Jaribio lisitangazwe wala kusogezwa chini ya saa 72 kabla.

(c) Alama zisitumwe tena kwenye grupu, iwe kwa majina au kwa namba za usajili.

(d) Vitini vitumwe kama maandishi yanayosomeka na programu za wasioona. Sauti iambatane na muhtasari wa maandishi.

(e) Mhadhiri anayetaka kutangaza kwa WhatsApp atumie chaneli, ambayo haionyeshi namba za wafuasi kwa wafuasi wengine. Grupu la maongezi libaki la hiari, na mtu asipoteze chochote cha kitaaluma kwa kutokuwemo.

(f) Rufaa ya wale 19 isikilizwe upya, skrinishoti zao zikiwa mezani. Hili sitalipunguza.

Kuhusu bando, najua si lenu peke yenu. Lakini vyuo vikienda pamoja kwenye kampuni za simu kuomba anwani za mifumo ya vyuo zifunguke bila kukata bando, vitasikilizwa kuliko mimi nikienda peke yangu kwenye duka la wakala pale Ubungo. Nilishajaribu. Dada wa kaunta aliniuliza kama nataka la wiki au la mwezi.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 21, kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula kuanza. Na tunaomba jibu hilo lisitumwe kwangu ili niwafikishie wenzangu. Libandikwe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwakilishi wa darasa, mwaka wa tatu
(jina na namba ya usajili vimo kwenye nakala iliyowasilishwa ofisini kwako, pamoja na saini za wanafunzi 241)

Nakala:
Mkuu wa Ndaki
Mkuu wa Idara
Mshauri wa Wanafunzi
Rais wa Serikali ya Wanafunzi
Ubao wa idara, juu ya tangazo la godoro
Mlango wa maktaba, kwa wasio na bando